Hesabu Mpaka Ukutani

Kati ya Tanga na Pangani lipo shamba la mkonge ambalo kiwanda chake kilinyamaza zamani. Banda la korona, ile mashine iliyokwangua majani mpaka zikabaki singa, bado limesimama. Mabati yametoboka. Saa moja na nusu asubuhi jua hupenya kwenye matundu na kumwaga sarafu za mwanga sakafuni, na popo waliochelewa kulala hupita juu yake. Ukipanda bodaboda kutoka hapo, baada ya nusu saa uko kwenye mikoko, bahari imepwa, na mchanga umebaki na mistari kama ukili.

Nimekuwa nikipiga picha nyeusi na nyeupe za maeneo haya kwa miaka kadhaa. Ninachoulizwa zaidi na wenzangu ni cha mfukoni: ninunue nini? Muuza kamera hujibu kwa bei ya kamera, mpenzi wa mikanda ya zamani hujibu kwa mapenzi yake, na kijana wa mtandaoni hukwambia simu inatosha. Kila mmoja ana ukweli wake nusu, kwa sababu wote wanahesabu mpaka pale kitufe kinapobonyezwa na kuishia hapo. Mimi nimehesabu mpaka ukutani: picha moja iliyochapwa, ikatiwa fremu, ikatundikwa, imenigharimu kiasi gani?

Kanuni za hesabu hii

Nimechukua mwaka mmoja wenye safari kumi na mbili, moja kila mwezi, na lengo la kupata picha kumi na mbili za ukubwa wa sentimita 30 kwa 40. Dola moja nimeihesabu kwa shilingi 2,600 za Tanzania. Msomaji wa Mombasa au Kilifi aweke 130 za Kenya. Bei za vifaa vya mtumba ni zile nilizotumia mimi kupanga bajeti, na soko la mtumba halina bei ya kudumu, kwa hiyo chukua uwiano wake kuliko shilingi yenyewe. Ushuru na VAT kwa mzigo unaotoka nje sijavijumlisha. Viulizie kabla ya kuagiza, maana vinaweza kuligeuza punguzo la bei kuwa hasara.

Kuna gharama ambazo hazibadiliki hata ukitumia kamera gani. Safari moja, kwa nauli, chakula na asante ya mwenyeji, nimeiwekea shilingi 40,000. Chapa moja nzuri kwenye karatasi nzito isiyong'aa, 30,000. Fremu ya mbao na kioo kutoka kwa fundi, 45,000. Kwa mwaka jumla ni shilingi 1,380,000. Weka namba hiyo kichwani, kwa sababu kwa wengi wetu inazidi bei ya kamera.

Simu uliyonayo

Gharama ya ziada ni stendi ndogo yenye kishikio cha simu na programu inayohifadhi faili ghafi: dola 35 kwa vyote. Usipige ukiwa umewasha mtindo wa nyeusi na nyeupe. Piga kwa rangi, hifadhi faili ghafi, rangi uiondoe baadaye, ili uweze kuamua mwenyewe bluu ya anga iwe nyeusi kiasi gani na kutu iwe nyeupe kiasi gani.

Simu ya megapikseli 12 ina pikseli za kutosha kwa chapa ya sentimita 40. Inapoanguka ni gizani. Ndani ya banda, tofauti kati ya tundu la bati na sakafu ni kubwa mno kwa kihisi chake kidogo, nayo hujaribu kuokoa hali kwa kulainisha. Singa iliyokauka kwenye waya inageuka uji. Nje, kwenye mchanga na mawingu, ni nadra mtu kuitofautisha chapa ya simu na ya kamera akiwa amesimama hatua mbili kutoka ukutani. Ukiwa ndiyo kwanza unaanza, tumia simu miezi sita kabla hujanunua kitu.

Dijitali ya mtumba

Kamera kama Canon EOS 700D au Nikon D5300, pamoja na lenzi yake ya kawaida, nimeiwekea dola 280. Ongeza kadi (15), betri ya pili (20), stendi imara (60) na kioo cheusi cha kupunguza mwanga (40). Jumla dola 415.

Kioo hicho cheusi ndicho kinachowapa wapiga picha wa pwani ile bahari iliyotulia kama maziwa. Kioo cha stopu kumi hupunguza mwanga mara elfu moja, hivyo picha iliyohitaji sehemu moja ya 60 ya sekunde sasa inahitaji sekunde 17. Mawimbi yanafutika, na nguzo za gati lililovunjika zinabaki peke yake. Mwingereza Michael Kenna, mzaliwa wa Widnes, amejenga sehemu kubwa ya jina lake kwa picha za namna hii: bahari tulivu kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili minara ya kupozea mvuke ya kituo cha umeme cha Ratcliffe, kilichozimwa tarehe 30 Septemba 2024. Kenna hutumia mkanda, lakini kioo chenyewe hakijui kama nyuma yake kuna mkanda au kihisi.

Kwa kamera hizi huhitaji vichujio vya rangi. Kwenye programu unasogeza kitelezi cha nyekundu na kutu inang'aa; unasogeza cha bluu na anga linazama. Ndani ya banda, pima mwanga kwenye tundu la bati, si sakafuni. Dijitali ikishachoma sehemu nyeupe, ni kidogo mno unachoweza kurudisha, lakini kivulini unaweza kuvuta mengi.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuonyeshe mambo matatu. Kwanza, apige picha ya ukuta mweupe lenzi ikiwa imebanwa mpaka f/16, uangalie madoa ya vumbi na ukungu. Pili, amulike ndani ya lenzi kwa tochi ya simu: nyuzi kama utando wa buibui ni fangasi, na pwani fangasi ni mgeni asiyeaga. Tatu, afungue mlango wa betri. Kutu ya kijani kwenye vishikizo ina maana kamera hiyo iliwahi kunywa chumvi.

Mkanda wa milimita 35

Hapa ndipo watu wanapodanganyika, kwa sababu kamera yenyewe ni rahisi. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, au Nikon ya umri huo, ikiwa na lenzi ya milimita 50, nimeiwekea dola 160. Haihitaji betri ila kwa kipima mwanga, na ukiangushwa na bodaboda mtaumia nyote wawili lakini kamera ndiyo itakayotangulia kuamka.

Halafu mkanda unaanza kula. HP5 Plus ya Ilford au Tri-X ya Kodak nimeiwekea dola 9. Kentmere na Fomapan huwa chini ya hapo. Mikanda miwili kwa safari ni 24 kwa mwaka, dola 216. Tangi la kusafishia, begi la giza na kipimajoto, 75. Dawa za mwaka, 40. Skana ya mezani, 230. Stendi, 60. Vichujio vya njano na nyekundu, 35. Jumla dola 816, karibu mara mbili ya dijitali ya mtumba. Kila unapobonyeza, umetumia kama shilingi 770.

Vichujio sasa ni vya lazima, kwani mkanda hauna kitelezi. Cha njano kinakula stopu moja na kuyatenga mawingu na anga. Chekundu kinakula stopu tatu, yaani mwanga uwe mara nane, lakini tenki lenye kutu linatoka jeupe mbele ya anga jeusi. Na ukitumia kioo cheusi, kumbuka kwamba mkanda huchoka. Zile sekunde 17 za dijitali, kwa HP5 Plus zinafika karibu 40.

Kusafisha ndiko kunakoamua kama mkanda utakulipa. Niliwahi kupeleka mikanda sita kwenye duka moja la mjini, nikaambiwa nirudi Ijumaa. Ikarudi mitupu kama kioo cha dirisha. Walikuwa wameipitisha kwenye dawa za mikanda ya rangi, ambazo hatua yake moja huondoa fedha yote, na kwenye mkanda wa nyeusi na nyeupe fedha hiyo ndiyo picha yenyewe. Miezi mitatu ya safari ilikwenda na maji. Ikiwa huwezi kusafisha mwenyewe na duka lililo karibu lina mashine ya rangi tu, nunua XP2 Super ya Ilford: ni nyeusi na nyeupe, lakini imetengenezwa ipite kwenye dawa hizo hizo za rangi.

Ukisafisha mwenyewe, adui ni bomba. Vitabu vyote vimeandikwa kwa nyuzijoto 20, na maji ya Tanga mchana yanacheza kwenye 29. Mara ya kwanza sikujali, nikafuata dakika za kitabu, nikatoa negativu nzito kama masizi. Siku hizi nagandisha maji kwenye vifuko vya plastiki, navizamisha kwenye beseni lenye chupa za dawa mpaka kipimajoto kisome 24. HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji huhitaji dakika 13 kwa nyuzi 20. Kwa 24 zinashuka hadi karibu 9. Maji ya kusuuzia nayo nayapoza kidogo, kwani mkanda ukitolewa kwenye baridi na kutupwa kwenye joto ghafla, ngozi yake ya jelatini hujikunja.

Faida yake ipo, na ni ya kweli. Mkanda unasamehe mwanga uliozidi kuliko dijitali, kwa hiyo ndani ya banda pima kivulini na uache matundu ya bati yajitafutie. Pia unakufanya uwe mchoyo. Ukiwa na fremu 36 hupigi popo kila anaporuka.

Mkanda mpana

Yashica Mat-124G na dada zake wenye lenzi mbili, wa kutazamia kifuani, nimewawekea dola 320. Kila mkanda wa 120 unatoa fremu 12 tu za mraba, na negativu moja ina eneo karibu mara tatu na nusu ya ile ya milimita 35. Jumla ya mwaka, pamoja na mikanda, dawa, skana, stendi na vichujio vyake, ni dola 996. Kila fremu ni kama shilingi 2,400.

Kwa hela hiyo unapata ukuta wa matofali ambao unaweza kuhesabu tofali moja moja, na mteremko laini wa kijivu kutoka kwenye povu hadi kwenye mwamba. Ukitaka kuchapa mpaka mita moja, hapa ndipo pa kuanzia. Ikiwa chapa yako kubwa ni ya sentimita 40, unanunua ubora ambao karatasi yako haitauonyesha.

Kamera isiyojua rangi

Kihisi cha kawaida kinaona mwanga tu; rangi hutokana na vichujio vidogo vilivyotandazwa juu ya kila pikseli, mpango uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak na kupewa hataza mwaka 1976. Kamera za nyeusi na nyeupe tupu zimeondoa vichujio hivyo. Kila pikseli inapokea mwanga wote, kwa hiyo ukali unaongezeka na chembechembe za gizani zinapungua. Pentax K-3 Mark III Monochrome ilitoka 2023 kwa takriban dola 2,200 bila lenzi. Leica M11 Monochrom ya mwaka huo huo ilikuwa dola 9,195. Pentax hiyo ukiiongezea lenzi ya mtumba (250), kadi, betri, stendi na vichujio, unafika dola 2,655.

Kuna jambo ambalo tangazo halikwambii. Kwa kuwa rangi haipo tangu mwanzo, kitelezi cha nyekundu hakipo pia. Umerudi kwenye vichujio vya kioo kama mtu wa mkanda. Na ukichoma sehemu nyeupe, hakuna kipande cha rangi nyingine kilichobaki cha kukuokoa.

Bega kwa bega

Hizi ni gharama za picha moja iliyotundikwa, zikiwemo safari, chapa na fremu. Namba ya kwanza ni ya mwaka wa kwanza, ya pili ni wastani wa miaka mitano:

- Simu: shilingi 122,600, halafu 116,500
- Dijitali ya mtumba: 204,900, halafu 133,000
- Mkanda wa milimita 35: 291,800, halafu 194,700
- Mkanda mpana: 330,800, halafu 204,300
- Dijitali isiyo na rangi (Pentax): 690,300, halafu 230,100

Mambo mawili yanajitokeza. La kwanza, kamera ya dola 160 imegharimu kuliko ya dola 280, kwa mwaka wa kwanza na kwa miaka yote mitano. Anayekwambia mkanda ni njia ya mnyonge hajawahi kununua mkanda wa ishirini na nne. La pili, pengo linafunga kadiri unavyokaa na kifaa. Kamera ya milioni saba, kwa mtu anayeitumia miaka mitano bila kuibadilisha, inaizidi ya mtumba kwa chini ya shilingi 100,000 kwa kila picha. Kwa anayeuza chapa zake, hiyo si habari mbaya. Kwa anayebadilisha kamera kila mwaka, ni msiba.

Sebastião Salgado, Mbrazili aliyetumia maisha yake kwa picha zisizo na rangi na kufariki Mei 2025, aliachana na mkanda mwaka 2008 katikati ya mradi wake wa Genesis. Sababu mojawapo ilikuwa mashine za ukaguzi za viwanja vya ndege, zilizokuwa zikiharibu mikanda yake. Ikiwa mjomba anakuletea mikanda kutoka Muscat au London, mwambie aibebe mkononi na kuomba ikaguliwe kwa macho. Asiiweke kwenye begi la chini ya ndege.

Ambavyo havipo kwenye tangazo

Chumvi. Kila ukitoka ufukweni, futa mwili wa kamera na miguu ya stendi kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo ya chumvi, kisha kwa kikavu. Kamera ilale kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu. Kabati la nguo ni shule ya fangasi. Boksi na vipakiti havifiki shilingi 40,000, na kusafisha lenzi moja iliyoota fangasi kunaweza kuzidi hapo.

Ruhusa. Kiwanda kilichokufa hakijakosa mwenyewe. Ardhi ina hati, chuma chakavu kina mnunuzi, na mlinzi ana bosi. Uliza ofisini, chukua ruhusa kwa maandishi hata kama ni mistari miwili, na usizunguke geti. Bandari na kambi za jeshi ziache kabisa mpaka uwe na kibali. Magofu ya kale kama Tongoni, kilomita 17 kusini mwa Tanga, penye msikiti wa karne ya 15 na makaburi ya nguzo, yana kiingilio. Lipa, chukua stakabadhi, usikanyage kuta.

Mwili wako. Viatu vya soli ngumu, sindano ya pepopunda, na mwenzako mmoja wa kukaa mlangoni. Paa za zamani huweza kuwa za asbestosi. Usizivunje wala usipumue vumbi lake. Sakafu za viwanda zina mashimo yaliyofunikwa na majani.

Vya bure

Kalenda ya maji ndicho kifaa chenye thamani kuliko lenzi yoyote, nayo wavuvi wanayo kichwani. Pwani yetu, wakati wa bamvua, maji hujaa karibu saa kumi na kupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Maana yake ni kwamba siku ya mwezi mpevu utauona mchanga wote ukiwa wazi saa nne asubuhi, jua likiwa kali na kivuli kikiwa kimefupika. Ukitaka mchanga mtupu wakati wa mwanga mzuri, yaani alfajiri au magharibi, hesabu siku tisa au kumi kutoka mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Maji hayatakwenda mbali kama kwenye bamvua, lakini yatapwa saa kumi na mbili, jua likiwa chini. Ni heri mchanga mchache wenye kivuli kirefu kuliko uwanja mzima uliochomwa na jua.

Mawingu nayo ni bure. Wajerumani Bernd na Hilla Becher, waliotumia miongo kadhaa kuanzia 1959 kupiga minara ya maji, matanuri ya chuma na matangi ya gesi, walingoja anga la kijivu ili kila mtambo uonekane bila kivuli. Sisi anga hilo tunalo wakati wa masika. Machi hadi Mei, wengine wanapofungia kamera, ndio msimu wa viwanda. Kusi ikianza kuvuma, rudi baharini.

Nani anunue nini

Mwanafunzi, au anayejaribu: simu na stendi, na hela inayobaki iende kwenye nauli. Anayetaka kutundika nyumbani, au kufanya onyesho dogo: dijitali ya mtumba, bila wasiwasi. Mkanda wa milimita 35 umfae yule mwenye subira ya kusafisha mwenyewe na anayeridhika na mkanda mmoja kwa safari. Hapo gharama ya mikanda inapungua nusu. Mkanda mpana ni wa mtu anayejua tayari kwamba atachapa kubwa. Kamera isiyojua rangi ni ya anayeuza, au ya aliyekwisha piga miaka mitatu na anajua kwamba hatatamani rangi tena.

Hukumu ya mzee

Nilitaka jicho lisilo langu, na lisilo la mpiga picha. Nikasimamisha stendi pale pale ndani ya banda, nikapiga korona ile ile kwa simu, kwa dijitali ya mtumba na kwa mkanda wa milimita 35, nikachapa zote tatu kwa ukubwa mmoja, nikampelekea mlinzi wa shamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umerudi na kutu zako?"

Alifanya kazi hapo enzi za moshi. Mkonge wa nchi hii ulianza na miche 62 tu iliyosalia kati ya elfu moja ambayo Richard Hindorf aliiagiza kutoka Florida mwaka 1893, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kufikia 1964 Tanganyika ilikuwa ikitoa tani karibu 230,000 kwa mwaka. Kisha kamba za plastiki zikaja, bei ikaanguka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki tani kama 20,000. Mabanda mengi tunayoyapiga leo yako kwenye mteremko huo.

Alizipanga chapa tatu juu ya benchi, kwenye mwanga wa mlango. Ya simu aliigonga kwa kidole, kwenye kona ya chini. "Hapa umeniwekea giza. Hapa palikuwa na ngazi." Ya mkanda aliishika muda mrefu kuliko zote, akaiweka chini bila neno. Ya dijitali akaisogeza mpaka karibu na pua, akaanza kuhesabu boliti za kifuniko cha ngoma kwa sauti. Alipofika kwenye ya saba akanionyesha pengo la ya nane, akaniambia ilivyokatika na nani aliyekuwa zamu.

Hiyo ndiyo aliyochukua. Nami ningechagua ya mkanda. Lakini ukuta ulikuwa wake, na boliti alizijua yeye.

Aliigeuza, akatazama mgongo mweupe, akanirudishia. "Andika mwaka. Si wako wa kupiga. Ule wa mashine kuzimwa." Sikuwa na kitu cha kuandikia kisichoharibu karatasi ile. Kalamu ya wino huvuja na kupenya mpaka mbele; inatakiwa penseli laini, ya shilingi mia tano. Iongezeni kwenye orodha. Mimi niliisahau.